Mkimbiaji Kwenye Timu ya Bibi Fusae

Nimenyoa vichwa vya watu wa mji huu miaka arobaini na mmoja, kwa hiyo nilimjua Mikiyo Hatano tangu akiwa msichana wa nywele fupi anayekuja kupunguzwa kila baada ya wiki tatu, kwa sababu nywele zikigusa masikio zinamkera akikimbia. Alikuwa anakimbia kweli. Alipomaliza shule, kiwanda kimoja cha nguo cha Osaka kilimchukua kwenye timu yake ya mbio ndefu za kupokezana, na mara mbili tulikusanyika dukani kwangu kumtazama kwenye televisheni, mshipi wa timu begani, akiwapita watu kwenye mlima.

Alirudi akiwa na miaka ishirini na sita. Mfupa wa muundi ulikuwa umepata ufa mara tatu. Akaolewa na fundi umeme, akaajiriwa kwenye jiko la kupika chakula cha boksi, na akaendelea kukimbia mwenyewe asubuhi. Ilifuata kano ya kisigino. Ilipopona ikafuata nyonga, na hiyo haikupona. Akiwa na miaka arobaini na tano alianguka kwenye kilomita ya thelathini na moja ya marathoni ya mkoa wetu wa Tottori, akabebwa kwa machela. Daktari alimwambia neno moja tu kuhusu kukimbia: basi.

Alijaribu kuogelea, bega likagoma. Alijaribu baiskeli, akaanguka kwenye kona ya daraja akavunja mtulinga. Mumewe akaificha baiskeli kwa dada yake.

Sisi alitupata kwa bahati mbaya. Kila Jumatano jikoni kwao wanatuletea vyakula uwanjani, na siku hiyo dereva alikuwa na mafua, akaja Mikiyo. Sisi tunacheza geti-boli. Kila mtu ana mpira wake na nyundo ya mpini mrefu, anapitisha mpira kwenye mageti matatu madogo ya chuma, kisha anagonga nguzo ya katikati. Mpira wako ukigusa wa adui, unaukanyaga wako, unaweka wa adui ubavuni pake, unapiga, na wa adui unaruka nje ya uwanja. Hapo ndipo urafiki wa wazee huisha.

Mikiyo alisimama na maboksi yake akatazama Mzee Tamotsu akipiga, mpira ukapita pembeni ya geti. Akacheka kidogo.

Nahodha wetu, Bibi Fusae Kuwashiro, alikuwa na miaka themanini na tatu. Amelima mapeasi maisha yake yote na ana mabega ya mtu aliyebeba ngazi. Masikio yake ni mabovu, ila kicheko hicho alikisikia.

"Wewe wa maboksi! Unacheka nini?"

"Samahani, bibi. Si kitu."

"Si kitu? Njoo. Shika hii. Geti lile pale, hatua nne tu. Pitisha."

Mikiyo akapiga, akakosa. Akapiga tena, akakosa. Mara ya nne mpira uligonga mguu wa geti ukarudi kama unamcheka yeye. Bibi Fusae akachukua nyundo yake. "Wali unapoa," akasema, akageuka.

Jumatano iliyofuata Mikiyo alikuja bila maboksi, na kofia yake ya mbio kichwani.

Nilifikiri atafurahi kupata watu wa kucheza nao. Haikuwa hivyo. Yule mama hakujua kucheza, alijua kushindana tu. Kila alfajiri kabla ya kazi alikuwa uwanjani peke yake akipiga mipira mia tatu. Baada ya mwezi kifundo cha mkono kikavimba kama andazi. Akaenda kwa daktari yuleyule.

"Safari hii umeumia kwa nini?"

"Geti-boli."

Aliniambia mwenyewe kwamba daktari aliinamisha kichwa akajifanya anaandika, lakini mabega yalikuwa yanatikisika.

Bibi Fusae hakucheka. "Nani kakutuma upige mia tatu? Hapa tunapiga kumi, tunafikiri saa nzima."

"Nikifikiri nakosa, bibi."

"Ukikosa, fikiri tena."

"Sasa nitajifunza lini?"

"Mimi nilianza mwaka aliozaliwa mwanangu wa mwisho, na yeye sasa ana mvi. Usiniulize lini."

Mashindano yake ya kwanza yalikuwa ya wilaya, mwezi wa tano. Sheria yetu ni kali kwa wageni: usipopita geti la kwanza huingii uwanjani. Unaokota mpira wako, unasubiri zamu nyingine. Mchezo ni dakika thelathini, na zamu huwa nne au tano hivi. Mikiyo alikosa ya kwanza. Akaokota mpira. Akakosa ya pili. Kwenye ya tatu alijipanga upya mara mbili, naye ni mtu aliyewahi kupita watu mlimani mbele ya nchi nzima. Akakosa. Wazee wa kijiji cha pili walikuwa wamekaa kwenye viti vyao vya kukunja wakila matonge ya wali.

"Si yule wa mbio?" akauliza mmoja, kwa sauti ya mtu asiyejua sauti yake ni kubwa.

"Ndiye. Leo kaja kusimama."

Zamu ya nne akakosa tena, refa akapuliza filimbi. Nusu saa nzima hakukanyaga uwanja hata mara moja. Nilimkuta nyuma ya choo ameegemea ukuta.

"Mzee Yasuji," akaniambia, "nikikimbia nilikuwa naumia, lakini najua ninaumia kwa nini. Hapa hata sichoki! Nimeshindwa na sijatoka jasho. Mtu anafanya nini na hasira ambayo haina jasho?"

Nilimpa chai.

Majira ya joto yakapita hivyohivyo. Alipojua kupita geti la kwanza, akagundua kwamba kupita geti si kazi. Kazi ni kumtii nahodha. Bibi Fusae anasimama katikati ya uwanja anaelekeza kwa kidole: wewe pale, wewe ngoja, wewe toa mpira wako nje kabisa. Mikiyo akiona nafasi ya kufunga, anaambiwa ausukume mpira shubiri moja na kurudi. Nilimsikia akisaga meno. Alikuwa akifika nyumbani anafua nguo ambazo hazina uchafu. Mumewe ndiye aliyeniambia, nikimnyoa.

"Mzee, huko mnamfanya nini mke wangu? Afadhali alivyokuwa anavunjika."

Kwenye vuli tulicheza mchujo wa kwenda mashindano ya mkoa. Siku ile tulipewa mipira myeupe ya namba shufwa, wao myekundu ya witiri, na zamu hufuata namba: Mikiyo sita, Mzee Tamotsu nane. Timu ya kijiji cha pili walikuwa na pointi kumi na tano, sisi kumi na nne, zimebaki dakika mbili. Mpira wa Mikiyo ulikuwa umeshapita mageti yote matatu. Mbele yake ilibaki nguzo, labda mita tano, njia nyeupe. Kila geti ni pointi moja, kugonga nguzo ni mbili. Alikuwa anagonga kutoka hapo mara nane katika kumi, nilikuwa nimehesabu.

Refa akaita, "Sita!"

Una sekunde kumi. Mikiyo akainama, akaielekeza nyundo kwenye nguzo.

"Hapana!" Bibi Fusae akanyoosha kidole. "Geti la tatu. Kaa mdomoni mwake."

"Bibi, nguzo iko wazi."

"Ukigonga unatoka, na saba wao anapita hapo kama mlango wa nyumba yake. Ziba! Halafu Tamotsu atakugusa wewe, apate pigo la ziada, apite, amalizie."

"Tamotsu?"

"Sekunde tano," akasema refa.

Nilimwona akiitazama nguzo. Kisha akageuza miguu, akausukuma mpira wake hadi mbele ya geti la tatu, pale hasa alipoambiwa. Saba wao akapiga, akaugonga mpira wa Mikiyo vibaya, ukabingirika, wake ukatoka nje. Hakupata kitu. Ikabaki zamu ya mwisho, ya Mzee Tamotsu. Alijipanga vizuri, akapiga, mpira ukapita karibu na wa Mikiyo kwa upana wa kidole, ukaenda zake hadi kwenye kamba ya mpaka wa uwanja.

Kumi na tano kwa kumi na nne.

Mzee Tamotsu akavua kofia akatuinamia wote, na mkewe, ambaye ni mchezaji wetu wa tano, akamfuta jasho. Mikiyo hakumtazama. Alimfuata nahodha.

"Ningepiga, ningegonga. Tungekuwa kumi na sita."

"Saba alikwama kwa sababu mpira wako ulikuwepo. Ungetoka, angepita na kugonga nguzo, wangekuwa kumi na nane."

"Hujui hilo!"

"Wewe pia hujui. Na sauti yako ishushe, mimi nasikia vibaya lakini hawa wengine wanasikia."

"Nimekutii miezi minane, bibi. Minane! Nimepata nini?"

"Umetii mara moja," akasema Bibi Fusae. "Leo. Siku nyingine zote ulikuwa umenuna tu."

Mikiyo akaweka nyundo kwenye gari langu akaondoka kwa miguu.

Hakuja wiki tatu. Wiki ya pili nilikuwa natembea kando ya mto asubuhi, nikamwona mbele yangu amevaa viatu vya mbio. Alikimbia. Mita mia nne labda, na nitasema ukweli, zile mia za kwanza zilikuwa nzuri kutazama. Hata mimi nilisimama. Kisha mguu wa kushoto ukaanza kuchelewa. Akaendelea hivyohivyo akiuburuta, hadi akashika reli ya ngazi za mtoni na kukaa. Nilipofika alikuwa anaipiga nyonga yake ngumi, taratibu, kama mtu anayebisha hodi mahali anapojua hakuna mtu.

"Usimwambie mume wangu."

"Simwambii."

"Bibi Fusae anasema nini?"

"Kuhusu wewe? Hasemi. Anasema uwanja haujafagiliwa."

Jumatano iliyofuata simu iliita jikoni kwao. Mikiyo alidhani ni oda. "Zamu ya kutandika kamba za uwanja ni yako," sauti ya Bibi Fusae ikasema. "Saa mbili. Tamotsu mgongo unamuuma." Ikakatwa. Hakuna samahani, hakuna karibu tena. Mikiyo alituhadithia akiwa amekasirika kiasi kwamba alikosea kufunga kamba ya upande mmoja, ikabidi aanze upya.

Tangu hapo imepita miaka miwili. Tulifika mashindano ya mkoa msimu huu, tukashinda michezo miwili, tukatolewa na timu ya watu ambao jumla ya umri wao inazidi miaka mia nne. Mikiyo na Bibi Fusae hugombana kila mchezo, mara nyingine katikati ya uwanja sekunde zikihesabiwa, na mara moja tulipoteza zamu kwa ajili hiyo. Ukimuuliza kama anaupenda mchezo huu anakutazama kama umemtukana. Mpira wa nguzo ile anautaja bado, akipanga vijiti vya kulia chakula kwenye meza yangu: huyu mimi, huyu saba, hii nguzo. Nimepiga hesabu hizo pamoja naye kwa kila njia na hatujafika popote.

Mwezi uliopita alifanya mtihani wa urefa, ili, kama anavyosema, apate angalau kitu kimoja ambacho bibi yule hawezi kumpinga. Amefeli kwa maswali mawili. Juzi alikuja kunyolewa na kitabu cha sheria mapajani, akiapa kwamba swali la kumi na tisa limeandikwa vibaya, na hakutulia kichwa hata kidogo. Nyuma ya sikio la kulia nimemkata nywele vibaya.