Asiyetaka Kazi

Mwaka ule wa njaa, siku ya soko Ekerenyo, nilikuwa nikinunua mafuta ya taa dukani kwa shemasi wa kanisa letu. Bibi mmoja mjane, aliyepooza mkono wa kulia, aliingia akaomba unga kidogo wa wajukuu.

Shemasi alifungua Biblia iliyokuwa kando ya mizani, akaweka kidole. "Mama, imeandikwa asiyefanya kazi asile."

"Soma vizuri, mwanangu," bibi akajibu polepole. "Ni asiyetaka kufanya kazi. Mimi nataka."

Shemasi aliutazama mstari, akafunga kitabu. "Kila mtu na ufahamu wake."

Bibi alitoka mikono mitupu. Nilijua kwamba yeye ndiye aliyesema kweli, lakini nilipokea chupa yangu, nikalipa, nikaenda zangu. Jumapili nilisoma neno kanisani, naye shemasi akaitikia amina.