Kostiki Iliyolia

Mwalimu wetu wa maabara alikuwa na kipimo chake cha muda, nacho ni sala ya Baba Yetu. Kopo la kostiki, alisema, halikai wazi zaidi ya Baba Yetu moja, tena ya mtu mwenye haraka. Ukifika kwenye mkate wa kila siku na kijiko bado kiko ndani ya kopo, umechelewa.

Hiyo ilikuwa Matongo, miaka ile dhahabu ilipowaamsha watu wote na sululu mkononi. Waliokuwa wakilima mahindi waliyaachia nyani, na barabara ya vumbi ilijaa bodaboda zilizobeba viroba vya mawe. Mimi sikuwa na kifua cha kushuka shimoni. Nilikuwa na cheti cha kidato cha sita, kemia nzuri na ulimi mkali, basi nikaajiriwa kwenye maabara ndogo ya mtambo wa kuchenjua marudio, yaani ule mchanga ambao wachimbaji wameshauosha mara moja na bado una dhahabu kidogo ndani yake. Maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha matofali ya kuchoma, meza ya saruji, na mizani tuliyoifunika kwa kitambaa kama mtoto mchanga.

Mwalimu alikuwa mstaafu wa shule ya sekondari, mwenyeji wa Nyamisangura, pale Tarime mjini. Alikuja kila Jumatatu na koti jeupe lililopigwa pasi, wakati sisi wengine tulikuwa na vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Wachimbaji walimcheka. Na mimi nilimcheka, nakiri, ila mwezi wa kwanza tu.

Kostiki, ile soda kali inayounguza ambayo watu huitumia pia kutengenezea sabuni, ni punje nyeupe, ndogo, za kupendeza macho. Ukiziacha wazi zinavuta unyevu wa hewani, zinaanza kung'aa, kisha zinatoa maji na kushikamana. Sisi tulisema zimelia. Siku za mvua kubwa kopo halikufunguliwa kabisa. Siku nyingine ulivaa miwani na glavu, ukachota kwa kijiko kikavu, ukafunga. Maji yalitangulia kwenye chombo, punje zikafuata kidogo kidogo huku unakoroga, maana chombo kinapata moto chenyewe bila jiko. "Uliona wapi mtu anamwagia unga maji akasema anasonga ugali?" mwalimu aliuliza kila mgeni. Mlangoni kulikuwa na pipa la maji safi na kata yake. Hayakuwa ya kunywa wala ya kunawa, yalikuwa ya siku ya ajali. Niliwahi kumfokea fundi mashine, mtu wa umri wa baba yangu, kwa kunawa uso pale. Akasema binti huyu amenyonyeshwa na nyuki.

Ninaikumbuka maabara ile kuliko nyumba nyingi nilizoishi. Nakumbuka maandazi ya saa nne tuliyoyala nje, mikono imeshanawishwa mara mbili kwa amri ya mwalimu. Nakumbuka mvua ilivyopiga bati mpaka tukaacha kuongea, tukakaa tu tukitazamana, na mzee akisinzia na miwani yake ya usalama usoni. Nilikuwa na furaha na sikujua kwamba ile ndiyo furaha.

Kosa langu lilianzia kwenye kopo moja. Mtu alilifunga vibaya siku ya Jumamosi, na Jumatatu tulikuta kostiki yote imelia na kuwa bonge. Mwalimu akalitazama kwa huzuni. "Haifai tena kupimia," alisema. "Hatujui imekunywa maji kiasi gani. Iyeyushe kidogo kidogo kwenye maji mengi, uipeleke bwawa la mabaki." Kisha akaniamini, akaenda zake kwenye kikao.

Mimi nikafikiri kwa akili yangu. Nyumbani kwetu Kemambo nilikuwa nimeona chokaa ikizimwa. Inamwagiwa maji, inachemka, inatulia, na baada ya hapo watu wanapaka ukuta. Nikasema, basi na hii kostiki imeshakunywa maji yake, imezimika. Tena mama yangu alikuwa anatengeneza sabuni na akina mama wenzake wa kanisani, na wachimbaji walivyokuwa wachafu, sabuni ilikuwa inanunuliwa kabla haijakauka. Kumwaga kitu kizima bwawani niliona ni dhambi. Nikaitia kwenye kopo la maziwa ya unga, nikaificha siku tano, na Jumamosi nikapanda nayo bodaboda kwenda nyumbani.

"Mama, hii imeshakufa," nilimwambia. "Usiiogope. Kwa sabuni itatosha."

Kama imekufa ingetengenezaje sabuni? Swali hilo lingeweza kuulizwa na mtoto wa darasa la tatu. Mimi msomi wa kemia sikujiuliza.

Mama alijua vizuri kwamba maji hutangulia. Alifundishwa kikundini na hakuwahi kukosea. Lakini binti yake msomi alikuwa amesema imekufa, na bonge lilikuwa gumu. Basi akalivunja ndani ya beseni, akalimwagia maji kidogo ili alilainishe kwanza, vile vile anavyoloweka unga wa wimbi kabla ya kuutia kwenye maji ya uji. Mimi nilikuwa nje napukuchua mahindi na shangazi, dada yake baba, aliyekuja kututembelea kutoka upande wa Kenya. Tulisikia kitu kikichemka. Kisha mama akaniita, mara moja tu, kwa sauti ya kawaida. Hiyo sauti ya kawaida ndiyo iliyonitisha.

Yalikuwa yamemrukia jicho la kushoto. Shangazi alikimbia na kibuyu cha maziwa. "Mtie maziwa, yatatoa huo moto." Kwetu ndivyo inavyofanywa, jicho likiumia hutiwa maziwa, na yeye alikuwa mkubwa wangu, tena dada wa baba. Nikamsukuma. Nilimsukuma shangazi yangu kwa mikono miwili mpaka maziwa yakamwagika chini. Mpaka leo sijui nilipata wapi huo ujasiri.

Tulikuwa na madumu matano ya maji, yaliyotolewa mbali kwa ajili ya wageni wa kesho yake. Nikamlaza mama kwa ubavu, jicho lililoungua likiwa upande wa chini ili maji yasiende kwenye lile zima. Nikashika kope kwa vidole na kuanza kumwaga kwa kata kutoka upande wa pua kwenda nje. Dakika ishirini, mwalimu alitufundisha, si chini ya hapo. Sikuwa na saa. Nikaanza Baba Yetu, nikihesabu kwamba arobaini zitatosha. Ilipofika ya tatu mama naye akaitikia, anatetemeka, meno yanagongana. Majirani waliokuja uani wakavua kofia, wakidhani tunamsindikiza. Nikawafokea wafungue dumu lingine.

"Mlimtia nini?" tabibu wa zahanati aliuliza.

"Maji."

"Kiasi gani?"

"Madumu manne."

Akasema jicho lingebaki mahali pake. Lilibaki, lakini ukungu ulioingia siku ile haukutoka.

Ijumaa iliyofuata mwalimu alikuja Kemambo na kilo mbili za sukari. Akakaa, akampa mama pole, kisha akauliza kwa upole ile kostiki ilinunuliwa wapi. Nikisema kweli, nafukuzwa, na mshahara wangu ndio uliokuwa unawasomesha wadogo zangu wawili. Nikafungua mdomo. Mama akaniwahi.

"Gulioni Sirari, mwalimu. Nilimkuta mtu tu, haikuwa hata na lebo. Nami nikaikoroga kama uji. Ni ujinga wangu."

Mama alikuwa mzee wa kanisa. Sijapata kumsikia akisema uongo kabla ya hapo, wala baada yake. Mwalimu akatikisa kichwa, akamweleza taratibu hatari za kitu kisicho na lebo, na mama akasikiliza kama mtu asiyejua. Halafu mzee akanigeukia. "Umemwokoa mama yako," alisema. Nikatazama sakafu.

Mwezi haukuisha, akanikabidhi ufunguo wa kabati la kemikali mbele ya wafanyakazi wote. Alisema anampa mtu ambaye hawezi kutoa hata punje moja nje. Jumamosi hiyo nilikwenda nyumbani nikamwambia mama kwamba siwezi tena, Jumatatu namweleza mwalimu yote.

Mama alikuwa anapepeta mchele. Akaweka ungo chini.

"Hutamwambia," alisema. "Nimemdanganya mtu mzima aliyeniletea sukari, na nimedanganya kwa ajili yako. Ufunguo huo utaushika vizuri, nisije nikawa nimefanya dhambi ya bure."

Akageuza kichwa chote ndipo akanitazama, kwa sababu nilikuwa nimekaa kushotoni kwake.