Friza ya Orpha Brenneman

Twila Brenneman ndiye aliyemwonyesha Kendra mlango wa duka la Enos Yutzy, na hilo ndilo lililomchoma Twila kuliko yote.

Nimekulia nyumba ya pili kutoka kwa Twila, huku mashambani Ohio. Mengi ya haya niliyaona, mengine alinisimulia mwenyewe jikoni kwake, akikatakata vitunguu kana kwamba vimemkosea.

Duka la Enos ni ghala la mbao nyuma ya zizi la farasi wake. Yeye ni Mwamishi, wa dhehebu la Kikristo linalokataa vya kisasa, hana umeme wala simu. Huuza vile ambavyo maduka makubwa yamevikataa: makopo yaliyobonyea, unga uliopasuka mfuko, biskuti za Krismasi mwezi wa pili. Sanduku likikunjika kona moja, kampuni inalitupa, na chakula ndani ni kizima kabisa. Nilipokuwa chuoni niliwasikia wenzangu wakiwacheka watu wanaokula vya namna hiyo, nikatamani kuwakamata shingo. Anayestahili aibu ni anayetupa. Twila amelea watoto wanne kwa vyakula vya Enos, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulala njaa au kuumwa tumbo.

Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa bingwa. Kwetu, ukitaka kumsifu mpishi humwambii chakula ni kitamu. Unamuuliza alikipata kwa kiasi gani. Kila Jumapili ukoo wote ulikula kwa Orpha, mama mkwe wake, na kikongwe huyo alikuwa akionja kwanza, anaweka uma chini, kisha anauliza, "Hii kiasi gani?" Twila alijibu, meza nzima ikaguna kwa heshima, naye akashiba kabla hajala.

Kisha Galen, mdogo wa mumewe, akaoa msichana wa Cleveland.

Kendra alikuja bila kujua lolote. Maziwa yakipita tarehe siku moja anayamwaga. Twila alimwonea huruma, akamchukua kwa Enos, akamfundisha: kopo lililobonyea ubavuni chukua, lililobonyea kwenye mshono acha, lililovimba kimbia. Mtindi unaweza kungoja. Mafuta usiyaamini mpaka uyanuse. Kendra alisikiliza kwa macho makubwa, akauliza maswali, akamshukuru kila hatua.

Haikupita miaka miwili, Kendra akawa anapata vitu ambavyo Twila hajawahi kuviona pale. Siagi halisi ya Ireland. Jibini iliyofunikwa nta nyekundu. Kahawa ambayo Merle, mume wa Twila, alipoionja alisema mbele ya watu wote, "Shemeji, kahawa hii imenirudisha ujana." Twila alimtazama Merle kwa muda mrefu. Alikuwa amempikia kahawa asubuhi zote za ndoa yao, na hakuwahi kumrudisha popote.

Na Orpha akaweka uma chini. "Kendra, mwanangu. Hii kiasi gani?"

Kendra alipotaja bei, meza haikuguna. Ilipiga makofi.

"Anamwekea chini ya kaunta," Twila alimwambia Merle njiani kurudi nyumbani.

"Nani?"

"Enos! Unadhani siagi ile ilikuwa rafuni? Anacheka naye. Amejifunza mpaka salamu zao. Mimi nimenunua pale tangu Enos hajaota ndevu, sijawahi kuwekewa hata chumvi."

"Labda ungecheka naye kidogo na wewe."

"Merle, nyamaza uendeshe gari."

Mwezi wa kwanza mwaka ule Orpha akatangaza kwamba anahamia nyumba ndogo ya wazee pale mjini. Vitu vyake aligawa bila maneno mengi, mpaka akafika kwenye friza.

Friza ile ilikuwa ndefu kama jeneza la mtu mrefu, nyeupe, ya kufungua juu, na kwa miaka thelathini haikuwahi kukaa tupu. Mtu anayenunua kwa Enos bila friza ni kama anayechota maji kwa mikono. Enos hana pa kugandishia. Vilivyoganda vikija, anaviuza palepale kutoka kwenye lori siku hiyohiyo, na asiye na friza anarudi nyumbani na kifurushi kimoja huku jirani akijaza gari. Twila alikuwa na jokofu dogo la jikoni tu. Kila mwaka aliiwaza friza ya Orpha. Alikuwa tayari amepima ukuta wa baraza ya nyuma ambapo ingekaa.

"Jumamosi vijana wataibeba," Orpha alisema, akiwatazama wakwe zake wawili kwa zamu. "Itakwenda kwa anayejua kuijaza. Nitawaambia siku hiyo."

"Mama, mpe Twila," Kendra alisema. "Yeye ndiye mwalimu wangu."

Twila alitabasamu. Ndani alikuwa anachemka. Aliona wazi kwamba msichana yule alijua kushinda kwa upole, na upole ni silaha ambayo yeye Twila hakuwahi kuwa nayo.

Jumatatu lori likaja kwa Enos. Twila alikuwa wa kwanza kufika. Ndani mlikuwa na bata mzinga, waliogandishwa mpaka kuwa mawe, mabaki ya sikukuu zilizopita, kila mmoja dola nne.

"Wapo wangapi?" akauliza.

"Ishirini na kidogo," Enos akasema. "Unataka wawili?"

Twila akafikiri juu ya meza ya Jumamosi, chakula cha kumuaga Orpha. Akamwona Kendra akiingia na bata wa rangi ya dhahabu, Orpha akiweka uma chini.

"Nipe wote."

Enos akakuna ndevu. "Bibi Brenneman, una friza?"

"Nitakuwa nayo Jumamosi."

"Leo ni Jumatatu."

"Na nje ni baridi ya kukata masikio, Bwana Enos. Pakia."

Akalipa kwa pesa za matairi ya pikapu. Aliwapanga bata kwenye baraza ya nyuma, juu ya theluji iliyokuwa imepeperushwa mle, akawafunika kwa blanketi za zamani. Alisimama akiwatazama. Hakuwa ameonja raha kama ile tangu Merle alipotaja kahawa.

Alasiri ya siku hiyohiyo Kendra akapiga hodi.

"Dada, Enos ameniambia umewachukua wote! Umenishinda kabisa." Alikuwa akicheka, pua nyekundu kwa baridi. "Niuzie mmoja tu basi. Nataka kumpikia Mama Jumamosi."

"Wamekwisha, mpenzi wangu."

"Wote?"

"Nimewagawia watu wa kanisani. Familia zenye shida. Unajua baridi hii."

Macho ya Kendra yakalowa kidogo, na Twila akaogopa kwamba amekamatwa. Lakini msichana akamkumbatia. "Dada una moyo. Mimi ningewala wote mwenyewe."

Mlango ulipofungwa, Twila alibaki ameuegemea. Aliniambia kwamba kama Kendra angemtukana, angelala vizuri.

Alhamisi upepo ukageuka. Huwa inatokea huku mwezi wa kwanza, siku chache za joto la uongo, mapaa yanadondosha maji na watu wanatoka bila kofia. Kila mtu mtaani alifurahi isipokuwa mmoja. Twila alihamisha theluji kwa ndoo kutoka upande wa kaskazini wa nyumba mpaka ikaisha. Akajaza barafu kwenye masufuria. Ijumaa Merle alimkuta amepiga magoti barazani, akibonyeza kifua cha bata.

"Ongea na Galen," Merle akasema. "Au na Mama. Friza ipo, bata waingie leo."

"Nikimwambia Mama, atajua. Kendra atajua."

"Atajua nini?"

"Merle, umeoa mwanamke mwongo. Hilo."

"Nilijua kuhusu matairi. Hilo lingine sikulijua." Akaketi kwenye ngazi. "Basi usinyamaze mpaka waoze."

Lakini alinyamaza. Alikuwa amesubiri kwa miaka mingi, na ilibaki siku moja tu.

Jumamosi tulikuwa watatu tuliobeba friza: Merle, Galen, na mimi kwenye kona ya nyuma. Tuliipakia kwenye gari la Galen. Orpha akakaa mbele na Kendra, hakusema tunakwenda wapi. Alipofika kwenye njia panda akaonyesha kwa kidole upande wa kwa Twila, na nikamwona Merle akifumba macho.

Twila alikuwa mlangoni, amevaa gauni zuri. Uso wake ulikuwa umewaka kama wa bibi arusi.

"Onyesha itakaa wapi," Orpha akasema, akiingia ndani, nasi nyuma yake.

"Jikoni, Mama! Nimeamua jikoni."

"Jikoni mnakaa watu. Mwaka jana ulisema baraza ya nyuma, mpaka ukuta ulipima."

"Baraza ina unyevu siku hizi."

Sote tuliuona unyevu wenyewe. Ulikuwa umepita chini ya mlango wa nyuma, mwekundu hafifu, ukienda taratibu kuelekea kwenye viatu vya Orpha. Kikongwe akaukwepa, akafungua mlango, akavuta blanketi.

Bata walikuwa wamelala safu kwa safu, ngozi zinang'aa maji.

"Dada," Kendra akasema polepole, "si ulisema wa kanisani?"

Twila alimgeukia Orpha, na yaliyotoka hayakuwa yale aliyoyapanga. "Anapata kila kitu! Mimi ndiye niliyemfundisha! Mimi nimekula makopo miaka yote hii, hakuna aliyenipigia makofi hata siku moja. Anakuja huyu na siagi, na kahawa, na tabasamu lake, mnampigia yeye makofi. Ningemwachia bata mmoja, mngekula na kumsifu yeye na kumpa friza, na mimi ningeosha vyombo!"

Galen alitazama dari. Mimi nilitazama viatu vyangu, maana huwezi kumtazama mtu usoni akiwa hivyo.

Orpha alikuwa akibonyeza bata mmoja mmoja kwa kidole gumba, bila haraka. "Hawa wa juu wamelainika, wapikwe leo. Wa chini bado wana barafu ndani, wanaweza kugandishwa tena." Akanyoosha mgongo. "Twila, friza hii sikuwahi kuijaza ili mtu mwingine akose."

"Mama, naomba..."

"Galen, zungusha gari. Inakwenda kwako. Na bata hawa wa chini muwapakie ndani yake, waende nayo."

Ndivyo walivyoondoka. Nilibeba bata mikononi mpaka vidole vikafa ganzi, nikawapanga ndani ya friza ambayo ilikuwa inapita mbele ya mwenye bata ikienda kwa mwingine. Kendra alilia njia nzima, kana kwamba ni yeye aliyenyang'anywa.

Wale walioanza kulainika, wanawake wote watatu waliwapika jioni ile jikoni kwa Twila, maana hapakuwa na njia nyingine. Waliongea kuhusu chumvi na moto tu.

Baada ya hapo Twila aliweka azimio. Kitu chake hakitakaa ndani ya friza ile siku moja zaidi ya lazima. Kila wiki alikwenda kwa Kendra kuchukua bata wake. Watoto walikula bata wa kuoka, supu ya bata, bata na tambi, bata ndani ya mkate. "Mama, bata tena?" mkubwa aliuliza, na Merle akamkanyaga mguu chini ya meza, huku yeye mwenyewe akimeza kwa shida.

Na kila wiki Twila aliinua kifuniko akaona vya mwenzake. Stroberi zilizotengwa kwa mifuko. Mikate. Siagi, pakiti juu ya pakiti, zimepangwa vizuri kuliko ambavyo yeye angezipanga. Alikuwa akichungulia makusudi, ili aumie.

"Chai, dada?" Kendra aliuliza kila mara.

"Nina haraka."

Lakini nyumba ile iko mwisho wa barabara, Galen anaendesha malori ya masafa, na Kendra hakuwa na jamaa wala rafiki karibu. Wiki moja Twila alikunywa chai kwa kuwa mvua ilikuwa kubwa. Wiki iliyofuata haikunyesha, akanywa pia, akilalamika kwamba ni nyepesi.

Ikafika siku akakuta amebaki bata mmoja chini kabisa. Akainama, akamtoa, akamkumbatia kifuani juu ya koti.

"Mwache huyo," Kendra akasema kutoka jikoni. Hakuwa anacheka. "Ukimchukua, hutakuja tena. Najua."

Twila alisimama pale barafu ikimchoma mikono. Aliniambia kwamba alimchukia wakati ule kuliko siku ya makofi. Ni yeye, Twila, ndiye aliyepaswa kuwa mtu wa kusema neno kama hilo, na hata hilo msichana amelisema kwanza.

Akainama tena, akamrudisha bata ndani ya friza. Kisha akaisukuma siagi yote ya Kendra pembeni, pakiti baada ya pakiti, mpaka bata wake akapata nafasi ya katikati, akafunga kifuniko.

"Chai isiwe nyepesi," akasema.