Nilicheza Pale Jeneza la Baba Lilipokuwa

Admin, jina langu libaki kwako, maana kwetu Nyamira watu wanasoma hii page kuliko Biblia. Mimi ni dada wa miaka ishirini na saba, sijaolewa, na kazi yangu ni kufunza watoto baleti hapa Kisii mjini. Ndiyo, ile densi ya kusimama kwa ncha za vidole. Chekeni mmalize, nimezoea. Hata Baba, mkulima wa majani chai huko karibu na Kebirigo, aliniuliza siku moja, "Sasa mama, kama mnatembea kwa vidole, kisigino Mungu alitupatia cha nini?" Akacheka peke yake mpaka akakohoa. Lakini hakunikataza hata siku moja.

Baba alituacha mwezi jana, presha. Siku ya mazishi nilishindwa kulia. Kwetu mwanamke akifika matangani anapiga nduru kuanzia kwa geti, akimwita marehemu. Mimi nilisimama tu, mgongo wima, uso umetulia. Baleti inakufunza hivyo: kidole kinatoka damu na wewe unatabasamu. Mtoto akiingia darasani kwangu, nikiangalia mabega yake tu najua kwao kumekuwa na vita asubuhi. Ya wengine nayasoma, lakini yangu yalikuwa yamekwama hapa kifuani. Shangazi, dada ya Baba, akasema kwa sauti, "Huyu msichana roho yake ni ngumu."

Kesho yake Mama aliniambia nipige deki sebuleni. Viti vilikuwa bado nje, maana vilitolewa ili jeneza likae katikati watu waage. Chumba kitupu, sakafu ya simiti. Nilipomaliza nikavua viatu, nikanyoosha mguu kidogo tu. Jamani, sijui niseme aje. Kuna wakati ukicheza unapotea kabisa, husikii kitu, mwili unajiendea wenyewe, na hujui kama ni dakika tano ama saa nzima. Nilishtuka nikisikia mtu amepiga kelele. Mama na Shangazi walikuwa mlangoni, na mimi nilikuwa natabasamu.

"Ee Nyasae, Mungu wangu! Anacheza mahali ndugu yangu alilala jana!" Shangazi akatoka na hayo maneno mpaka kwa majirani.

Baadaye Mama alinifuata jikoni, akanishika mkono. "Hiyo ndiyo namna yako ya kulia, sivyo? Ulikuwa unamlilia baba yako." Alikuwa ananiangalia vile mtu anaangalia daktari akingoja majibu. Nikaitikia kwa kichwa. Ningefanya nini?

Sasa Mama ameshikilia hapo. Amewaambia wamama wa kanisa, amewaambia wazee. Shangazi amekataa katakata, kwa hivyo familia imeamua Sabato hii tukitoka kanisani tukae pale nyumbani, niseme kwa mdomo wangu, tuombe, yaishe. Leo Mama amenipigia, sauti iko chini. "Mwanangu, wewe sema tu vile uliniambia. Nitakaa karibu na wewe."

Ukweli ni kwamba sikuwa namlilia. Sikuwa hata namkumbuka. Kwa ule muda wote sikuwa na baba aliyekufa, sikuwa na baba kabisa, na nilikuwa na furaha kuliko siku yoyote mwaka huu. Nikisema hivyo nitamwaibisha Mama mbele ya watu wa Baba, na yeye ndiye peke yake aliyesimama na mimi. Nikidanganya, tutakuwa tumefunga macho kuomba juu ya uongo wangu. Tangu siku hiyo sijacheza. Watoto wanacheza, mimi nimekaa kwa kiti, naogopa nikiinuka nitamsahau tena. Na kulia bado sijalia.

Nyinyi mliozika wazazi, kuna hata mmoja wenu alisahau hivyo, ama ni mimi tu? Sabato ni kesho kutwa. Mama akiwa amekaa hapo karibu, nikifungua mdomo niseme nini?