Kwangu Bado

Usiku ule nililala na tope miguuni, sikunawa. Tangu Zubeda afe, mambo mengi nilikuwa nayaacha hivyo hivyo. Alikuwa shoga yangu na jirani yangu, na kila masika yakikaribia tulilimiana bustani kwa zamu, leo kwangu, kesho kwako. Yeye alikuwa wa mkono wa kushoto. Tukilima tuta moja ilibidi akae kushoto na mimi kulia, la sivyo majembe yanagongana.

Mwaka huu tulianza na kwangu. Tulipomaliza akafuta jembe kwa majani, akasema, "Kesho usichelewe, nakujua kwa uvivu wewe!" Kesho yake alikuwa hoi hospitalini, na juma halikuisha tukamzika. Sikulia. Nilimenya ndizi za matanga masufuria matatu, watu wakanong'ona kwamba nina roho ngumu. Wacha wanong'one. Sikusikia uchungu, sikusikia njaa, sikusikia chochote.

Jioni ile, kabla sijalala na tope langu, mumewe, Athumani, alinijia mlangoni. "Shemeji, ile bustani mimi siiwezi. Kesho nawapa watu wa matofali wachimbe udongo."

Udongo ule Zubeda aliulisha samadi miaka kumi na moja, ndoo kwa ndoo, kichwani. Wakishauchimba, pale hauoti hata mchicha. Nikajibu, "Haya, shemeji." Basi, nikaenda kulala.

Nikajikuta bustanini kwangu, jua limepanda. Kabichi zimefunga vizuri, nami nazipita bila kuzitazama. Nafika mwisho wa tuta, kumbe ni baraza ya hospitali, ile yenye benchi la kijani. Zubeda amekaa pale, jembe mapajani, anangoja kuitwa. Miguu yake mikavu, safi, haina hata chembe ya tope. Nikashtushwa na ile miguu. Kwamba amekufa sikukumbuka kabisa. Nataka kumpa pole, mdomo mzito.

Ananitazama vile alivyozoea kunitazama nikichelewa.

"Kwako tumemaliza?"

"Tumemaliza."

Anainama, anachota udongo chini ya benchi, maana sakafu sasa ni udongo wake, mweusi, laini. Ananijazia kiganjani. Lahaula! Ni wa moto, kama umetoka kwenye tanuri la matofali. Nataka kuutupa, vidole havikunjuki.

"Kwangu bado," anasema.

Hana hasira. Angefoka ningejua la kumjibu, tumeshagombana mara ngapi mimi na yeye. Anasogea tu kwenye benchi, anasogea kushoto, ananiachia nafasi upande wangu. Ndani mtu anaita jina lake. Anainuka, anakwenda, jembe analiacha.

Nikaamka ngumi nimeikaza, ndani yake hamna kitu. Kulikuwa kunaanza kupambazuka. Moto sikuwasha. Nikachukua jembe langu, nikaenda moja kwa moja bustanini kwa Zubeda, nikaanza tuta la kwanza.

Athumani akatoka na msuli wake, macho yamevimba. "Shemeji, vipi tena?"

"Zamu yangu."

"Lakini nimeshaongea na wale watu, wanakuja leo."

"Waje wanikute. Zubeda kanijia usingizini, shemeji. Kasema kwake bado."

Nikadhani ataniambia nimechanganyikiwa, na kweli sikuwa na nguvu za kubishana. Akaingia ndani, akakaa kidogo, akatoka na jembe la mkewe. Akaja akasimama kushoto kwangu, pale pale penyewe.

Tukainua pamoja. Yeye ni wa mkono wa kulia, masikini, hajui. Pigo la kwanza tu, majembe yakagongana, kwaa!

Hapo ndipo nilipomlilia shoga yangu.