Mtama Uliopikwa Kabla ya Kupandwa

Saa moja asubuhi, nyuma ya nyumba yake mjini Likasi, Orpha Ngoie amesimama juu ya kiti, anavisha shuke la mtama mfuko wa karatasi na kuufunga kwa uzi. Mimea yenyewe ni saba tu. Imeota kando ya mahali pa kuoshea vyombo, ambapo hakuna mtu angefikiria kulima.

"Voisin iko na mutama mweupe, na inatosha maua sasa hivi," anasema bila kugeuka, kuhusu mtama wa jirani unaochanua. "Vumbi ya maua yake ikiingia huku, kwisha. Itazaa mélange, mbegu ya kuchanganyika."

Orpha, mwenye umri wa miaka 38, ni mtafiti wa mbegu. Anachunguza vinasaba vya mitama ya zamani ya Katanga, ili wakulima wasibaki na aina moja tu shambani, na wapika pombe wapate tena ladha iliyopotea. Kazi ina heshima. Mshahara huja unapojisikia.

Mwaka jana alipata kopo moja la mtama mwekundu kwa bibi mmoja karibu na Mulungwishi, aliyeuhifadhi juu ya moshi wa jiko. Orpha hakumpata mwingine aliyekuwa nao. Kwa kuwa mbegu zilikuwa za miaka mingi, alizilowesha zote, akazifunika kwa gunia bichi jikoni. Zitakazochipua ndizo angezihamishia shambani. Kisha akaenda Lubumbashi kikazi.

Mama mkwe wake, Rosalie, mpika pombe tangu ujana, alifunua gunia. Mtama umelowa, umechipua, na uko jikoni. Kwa mpika pombe yeyote hicho ni kimea, na kimea hakisubiri.

"Nikasema, ah, leo Mama Jaël ananisaidia kazi!" anasimulia Rosalie, akimtaja mkwewe kwa jina la mtoto wake. "Nikaanika, nikasaga, nikapika. Nani anaoteshaka mbegu ya kulima mu cuisine?"

Orpha alirudi siku ya ubatizo wa mtoto wa shemeji yake, akapewa kikombe. Wageni walikuwa wakisifu. Alionja, akauliza mtama umetoka wapi.

"Nililia mbele ya bantu yote," anasema. "Mais vraiment, ile pombe ilikuwa muzuri. Njo ile ilinichoma zaidi."

Kilichookoa utafiti ni mkeka uliotoboka. Wakati wa kuanika, punje chache zilianguka kwenye udongo wenye unyevu, zikashika mizizi; ndiyo mimea hii saba. Majani yake yameshapelekwa maabara kupimwa. Mbegu zitatoka kwenye mashuke haya.

Siku hizi Rosalie ndiye mlinzi, na kuku wa jirani wanamjua. Orpha anapanga kupanda kila punje msimu ujao, na msimu unaofuata kuwagawia wanawake wapika pombe. Kabla ya hapo hakipikwi hata chungu kimoja.

"Minye nimezeeka," Rosalie anamwambia. "Kama nimekufa mbele ya ile siku, mupikie bantu ya kilio yangu ile pombe."

Orpha anashuka kitini, anamshika mkono.

"Hapana, Mama. Weye njo utaipika. Minye sijue kupika pombe."