Kalenda Ukutani na Risasi za Rangi ya Kucha

Nakumbuka asubuhi ambayo baba mkwe wangu aliingia jikoni mwangu. Hakuwahi kuingia kabla ya siku hiyo, wala hakuingia tena mpaka alipofariki, kwa sababu kwetu mzee hakai jikoni kwa mke wa mwanawe. Siku ile aliingia bila kubisha, akavuta kigoda changu, akakaa. Nikajua kuna jambo kubwa. Mwanangu, hasira aliyokuwa nayo asubuhi ile ninayo mimi mpaka leo, na sioni haya kuisema.

Ngoja nikueleze polepole, wewe unayeanza kushika bunduki.

Ilikuwa miaka ya tisini. Mimi na Wesley tulikuwa tumeoana juzijuzi, tunaishi upande wa Bomet, karibu na msitu. Chai yetu haikuwa na shida. Shida ilikuwa mahindi, maana tumbili walishuka kila yakianza kukomaa. Wesley alikuwa na kibali cha bunduki ndogo, ile ya pointi ishirini na mbili, ambayo baba yake aliwahi kuimiliki kabla macho hayajamchoka. Kibali alikuwa nacho, lakini shabaha hakuwa nayo. Kwenye kituo cha kupimia majani ya chai walimtania bila huruma.

"Wesley, hao tumbili wako umeshawabatiza, ama unangoja kasisi?"

Basi akaamua kufanya mazoezi nyumbani: kushika, kulenga, kutulia pumzi, kuvuta kifyatulio bila kupiga risasi. Ni mazoezi mazuri hayo, na sitaki ufikiri nayapinga. Lakini bunduki hii ndogo ina tabia yake. Bunduki kubwa hugonga risasi katikati ya kitako cha risasi yenyewe. Hii hugonga ukingoni, pembeni kabisa. Ukiifyatua tupu, pini ile inayogonga risasi inaweza kugonga chuma cha chemba yenyewe, pale risasi inapokaa, na mwisho pini inaharibika na chemba inapata kovu. Kwa hiyo kutafuta kitu cha kuweka ndani kipokee pigo hilo, alikuwa sahihi. Alikosea katika kuchagua kitu chenyewe.

Alichukua risasi za kweli. Akazing'oa vichwa kwa koleo, akamwaga baruti, akarudisha vichwa mahali pake, kisha akazipaka rangi yangu ya kucha nyekundu, ile niliyovaa siku ya harusi. Akanionyesha akicheka.

"Mama Chepkoech, ona. Sasa hata risasi zimeolewa."

Nilicheka pia. Nilijua nini mimi kuhusu risasi? Akazirudisha kwenye mkebe uleule wa risasi nzima.

Asubuhi hiyo nilikuwa nasonga ugali, binti yetu Chepkoech mgongoni. Wesley alikuwa sebuleni akilenga kalenda iliyotundikwa ukutani. Nikasikia mlio mdogo, kama punje ya mahindi ikipasuka kwenye sufuria.

"Nini hiyo?" nikauliza.

"Hakuna kitu!" akajibu.

Maneno hayo mawili, mwanangu! Yananichoma hadi leo. Mtu amesikia bunduki aliyoiita tupu ikilia mkononi mwake, na anasema hakuna kitu.

Wakati huohuo tumbili wakaanza kupiga kelele shambani. Wesley akatoa ganda, akatia risasi nzima, akakimbilia mlangoni. Hapo ndipo baba yake, aliyekuwa akiota jua nje na aliyeusikia ule mlio, alipomzuia kwa kuweka mkono juu ya bunduki.

"Lete."

"Baba, wanamaliza mahindi!"

"Waache wale. Lete."

Mzee alitoa ile risasi. Akachukua ufito wa kusafishia bunduki, akauingiza taratibu kupitia mdomo wa mtutu. Ufito ukasimama. Akaushika kwa kidole pale kwenye mdomo wa mtutu, akautoa, akaulaza juu ya mtutu kwa nje ili Wesley aone. Ulikuwa haujafika kwenye chemba. Kulikuwa na kitu kimekwama humo ndani.

Hicho kilikuwa kichwa cha risasi. Wesley alimwaga baruti, lakini dawa inayowasha moto imo ndani ya ukingo wa ganda, imesambazwa pande zote. Hata umwage baruti yote, hiyo inabaki. Ilipogongwa ililia, ikasukuma kichwa kidogo tu, kikakwama njiani. Na risasi nzima aliyoitia ingekuta njia imezibwa, na mtutu ungeweza kupasuka karibu na uso wake. Mume wangu alikuwa hatua chache kutoka kwenye hilo, na alikuwa akiona kwamba anacheleweshwa.

Ndipo mzee akaingia jikoni. Alitazama ukuta wa mbao uliotenganisha jikoni na sebule, akanitazama mimi, akamtazama Chepkoech mgongoni kwangu. Akamwita mwanawe.

"Simama hapo. Ulikuwa unalenga nini?"

"Kalenda, Baba."

"Kalenda iko wapi ukiwa huku?"

Wesley akaonyesha ukutani kwa kidole.

"Na kichwa cha mtoto kiko wapi?"

Kidole cha Wesley kilibaki hewani, usawa wa nywele za binti yake.

"Umezitoa hizo zako za rangi kwenye mkebe mmoja na zilizo hai," mzee akasema. "Rangi ya kucha hubanduka. Siku ingebanduka, ungeoa tena ama ungezika?"

Akainuka, akaniambia, "Samahani kwa jikoni yako," akatoka. Tumbili walikula mistari mitatu mizima ya mahindi siku hiyo, na mzee alikaa nje akiwasikiliza kama mtu anayesikiliza kwaya. Bunduki haikurudi mkononi mwa Wesley mpaka fundi alipoifungua, akakitoa kile kichwa na kuisafisha.

Baadaye mzee alikwenda Nakuru, kwenye duka la bunduki lenye kibali, akarudi na risasi bandia za plastiki nyekundu. Muuzaji alitaka kumpa zenye springi katikati ya kitako. Mzee alizikataa, kwa sababu springi ya katikati haisaidii pini inayogonga pembeni. Akaonyeshwa za chuma kigumu, akauliza kazi yake. Akaambiwa ni za kupimia tu kama bunduki inaingiza na kutoa risasi vizuri, si za kugongwagongwa. Akazikataa pia.

Sasa sikia kinachonikasirisha zaidi. Juzi pale Sotik nilimsikia kijana mwenye kibali chake halali akiwaambia wenzake kwamba kununua risasi bandia ni kupoteza, eti ganda lililokwisha kupigwa linatosha. Wakaitikia kwa vichwa! Ukilitazama kwa nyuma, ganda hilo linafanana na risasi hai kama mapacha. Gizani au kwa haraka, vidole vyako vitazitofautisha vipi? Tena ganda lililokwisha kugongwa lina kovu ukingoni, na pale penye kovu pini haina cha kugonga.

Kwa hiyo, mwanangu, shika haya. Risasi ya mazoezi izaliwe bandia kiwandani. Usiitengeneze kutoka kwa iliyo hai, hata uwe hodari namna gani. Iwe na rangi inayopiga kelele, ya plastiki yenyewe, si ya kupakwa. Ukingo wake uwe laini wa kupokea pini, uizungushe kidogo kila inapogongwa, na ukishatafunika uitupe, ununue nyingine. Muulize fundi kwanza kama bunduki yako inahitaji. Risasi hai zikae zimefungiwa chumba kingine kabisa, na wewe uangalie chemba na mkebe kabla hujaanza. Ulenge tuta la udongo, kamwe usilenge ukuta wa nyumba. Na ikilia wakati haikupaswa kulia, simama. Usiseme hakuna kitu.

Wesley yuko nje sasa hivi, anakunywa chai, na anajua ninachoandika. Chepkoech ana watoto wake.

Mungu akutulize mkono na pumzi. Akupe mzee wa kukushikia bunduki unapokimbia nayo. Na kila ukuta utakaouelekea, akuonyeshe aliye nyuma yake.